Azimio la Musoma na Mtihani wa Vipaumbele: Matumizi ya Serikali katika Vita dhidi ya Umaskini Tanzania tangu 1974

Ikisiri

Makala haya yanaeleza uhusiano uliopo kati ya vipaumbele vya matumizi ya serikali na mapambano dhidi ya umaskini kwa kutumia mfano wa elimu ya msingi nchini Tanzania. Mjadala unaanzia katika Azimio la Musoma la Novemba 1974, lililoamua kuwa watoto wote wenye umri wa kwenda shule waandikishwe ifikapo 1977. Unafuata safari ya uamuzi huo katika msukosuko wa uchumi wa miaka ya 1980, msamaha wa madeni wa 2001 na elimu bila malipo ya 2016. Hoja kuu ni kwamba kipaumbele hakipimwi kwa tamko wala kwa ukubwa wa fedha za mwaka wa kwanza. Hupimwa kwa kile kinachobaki kimelindwa pale mapato ya serikali yanapopungua. Makala yanahitimisha kwa kuonesha namna kipimo hicho kinavyoweza kutumiwa katika ngazi ya kata, kama vile Kigera, na katika ngazi ya kimataifa.

Istilahi muhimu: vipaumbele, matumizi ya kawaida, Azimio la Musoma, deni la taifa, umaskini.

1.0 Utangulizi

Kigera ni mojawapo ya kata za Manispaa ya Musoma, mji ulio kando ya Ziwa Victoria na makao makuu ya Mkoa wa Mara. Kama ilivyo katika maeneo mengi ya ukanda huo, kuanzia Bunda hadi Butiama, kaya nyingi hutegemea uvuvi, kilimo cha mihogo na nafaka, ufugaji na biashara ndogondogo. Kwa kaya ya namna hiyo, serikali haionekani kwa hotuba ya bajeti inayosomwa Dodoma mwezi Juni. Huonekana kwa mwalimu aliyepo au asiyekuwepo darasani, kwa dawa iliyopo au iliyokwisha katika zahanati, na kwa mchango ambao mzazi anatakiwa kuulipa kabla mwanawe hajapata dawati.

Musoma una nafasi ya pekee katika historia ya mjadala huu. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana mjini hapo na kupitisha maamuzi yaliyokuja kujulikana kama Azimio la Musoma. Azimio lilikuwa na sura mbili kuu. Ya kwanza ilihusu kujiunga na chuo kikuu: mhitimu wa kidato cha sita alitakiwa kwanza kulitumikia taifa na kufanya kazi, kisha apendekezwe. Ya pili, ambayo ndiyo kiini cha makala haya, ilihusu elimu ya msingi kwa wote. Lengo ambalo awali lilipangwa kufikiwa 1989 lilisogezwa hadi 1977.

Swali linalojibiwa hapa ni hili: kwa nini uamuzi uliochukuliwa kwa dhamira kubwa kiasi hicho ulipanda, ukaporomoka, ukapanda tena, na hadi leo bado unawadai wazazi michango? Jibu, kama itakavyoelezwa, linapatikana zaidi katika aina za matumizi ya serikali kuliko katika ukosefu wa nia.

2.0 Maana ya kipaumbele katika bajeti

Msemo "kupanga ni kuchagua" umezoeleka nchini tangu Mpango wa Pili wa Maendeleo wa 1969. Maana yake ni rahisi: fedha hazitoshi mambo yote, kwa hiyo anayetenga fedha kwa jambo moja amelinyima jingine. Hata hivyo, msemo huo unahusu siku ya kupanga tu. Bajeti ina siku nyingine nyingi baada ya hiyo.

Matumizi ya serikali ya Tanzania hugawanywa katika mafungu mawili. Matumizi ya maendeleo hugharamia miradi kama ujenzi wa madarasa, visima na barabara. Matumizi ya kawaida hugharamia uendeshaji: mishahara, chaki, dawa, mafuta ya gari la wagonjwa na ukarabati. Ndani ya fungu hili la pili yamo pia malipo ya deni la taifa, ambayo kisheria hulipwa moja kwa moja kutoka Mfuko Mkuu wa Hazina kabla ya mambo mengine. Mishahara nayo ni vigumu kuikata. Kwa sababu hiyo, mapato yanapopungua, kisu huangukia mambo mawili: miradi ambayo haijakamilika na fedha za uendeshaji zinazoitwa matumizi mengineyo.

Hapa ndipo penye ugumu wa vita dhidi ya umaskini. Karibu kila huduma inayomfikia maskini inategemea fedha hizo zilizo rahisi kukatwa. Shule haifungwi kwa amri ya serikali. Hupungukiwa vitabu mwaka huu, mwakani paa hubomoka, na mwaka wa tatu mzazi huona hakuna sababu ya kumpeleka mtoto. Hakuna mkutano uliokaa na kuamua hivyo, lakini matokeo yake ni sawa na ya uamuzi.

Kutokana na hali hiyo, makala haya yanatumia kipimo kimoja: kipaumbele cha kweli ni kile kinachobaki kimelindwa wakati wa upungufu.

3.0 Uchaguzi uliofanywa wakati wa njaa

Azimio la Musoma halikupitishwa katika mwaka wa neema. Bei ya mafuta duniani ilikuwa imepanda ghafla mwishoni mwa 1973. Ukame ulipunguza mavuno kati ya 1973 na 1975, na serikali ililazimika kutumia fedha za kigeni kuagiza nafaka kutoka nje. Wakati huohuo mamilioni ya watu walikuwa wakihamishiwa katika vijiji vipya. Kwa mhasibu yeyote, huo ulikuwa mwaka wa kuahirisha mambo.

Uamuzi wa kusogeza lengo mbele badala ya kulirudisha nyuma uliwezekana kwa sababu mbinu ilibadilishwa. Serikali haikusubiri walimu wahitimu vyuoni na majengo yakamilike. Vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa wakafundishwa ualimu hukohuko vijijini, wakichanganya kazi ya darasani, masomo kwa njia ya posta na redio, na usimamizi wa walimu wakongwe. Wanafunzi waliingia kwa zamu asubuhi na mchana. Wanavijiji walifyatua matofali, wakasomba mawe na kujenga madarasa kwa nguvu zao. Ada ya shule ya msingi ilikuwa imekwisha kufutwa 1973.

Matokeo ya uandikishaji yalikuwa makubwa. Watoto walioanza darasa la kwanza walikuwa takriban 248,000 mwaka 1974. Mwaka 1978 walifikia takriban 878,000. Ni nchi chache zenye kipato cha aina hiyo zilizowahi kuongeza uandikishaji kwa kasi hiyo.

Hata hivyo, gharama haikutoweka. Ilihamishwa. Sehemu yake ilibebwa na nguvu za wanavijiji, na sehemu nyingine ilibebwa na ubora. Wananchi walilitambua jambo hilo mapema, wakaifasiri upya kwa utani ile herufi tatu ya UPE, iliyotumika kuitambulisha kampeni hiyo, kuwa "Ualimu Pasipo Elimu". Utani huo haukuwatendea haki vijana wengi waliofundisha kwa moyo katika mazingira magumu, lakini ulibeba tathmini sahihi ya bajeti: nchi ilikuwa imegharamia mlango wa shule kabla ya kugharamia kilichomo ndani. Deni hilo la ubora lilitegemea kulipwa katika miaka iliyofuata, kwa kuwaendeleza walimu na kununua vitabu. Miaka iliyofuata haikuwa ya kulipa.

4.0 Mtihani wa kwanza: 1978 hadi miaka ya 1990

Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera. Vita viliisha 1979 baada ya Kampala kuanguka mwezi Aprili, lakini gharama yake, ambayo kwa kawaida hukadiriwa kuwa dola za Marekani milioni 500, ilibaki. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika 1977, hivyo nchi ililazimika kuanzisha upya mashirika yake ya reli, ndege na posta. Mwaka 1979 bei ya mafuta ilipanda kwa mara ya pili, huku bei za mazao ya biashara zikishuka. Wananchi waliombwa kufunga mikanda kwa miezi 18. Mikanda ilifungwa kwa muda mrefu zaidi ya huo.

Mvutano kati ya serikali na Shirika la Fedha la Kimataifa ulidumu kwa miaka kadhaa. Edwin Mtei, aliyekuwa Waziri wa Fedha, alijiuzulu 1979 kwa kutofautiana na Mwalimu Julius Nyerere kuhusu masharti ya shirika hilo. Mkataba ulitiwa saini 1986, wakati wa Rais Ali Hassan Mwinyi. Masharti yalijumuisha kushusha thamani ya shilingi, kupunguza matumizi ya serikali na wananchi kuchangia gharama za huduma. Ada na michango ilirudi shuleni.

Si sahihi kuibebesha mikataba ya 1986 lawama yote. Sehemu ya elimu katika matumizi ya serikali ilikwisha kupungua kabla ya hapo, vita na madeni vilipochukua nafasi ya kwanza. Mikataba ilihalalisha na kuendeleza upungufu ambao tayari ulikuwepo. Vilevile si sahihi kusema kuwa serikali iliacha kuiamini elimu. Hotuba za kipindi hicho ziliendelea kuitaja elimu ya msingi kuwa haki ya kila mtoto. Kilichobadilika ni nafasi yake katika foleni ya malipo.

Matokeo yalionekana darasani. Kufikia mwaka 2000, zaidi ya watoto wanne kati ya kumi wenye umri wa kuwa shule ya msingi hawakuwa darasani. Lengo lililotangazwa Musoma lilikuwa limerudi nyuma, na waliotoka kwanza shuleni walikuwa watoto wa kaya ambazo azimio lilikusudia kuzisaidia.

Mji wa Musoma wenyewe ulibaki na kumbukumbu ya zege ya kipindi hicho. Ujenzi wa hospitali ya mkoa katika eneo la Kwangwa, ulioanzishwa katika miaka ya 1970, ulikwama kwa miongo kadhaa. Wakazi wa Mara waliyapita maboma hayo vizazi hata vizazi, huku wagonjwa wenye kuhitaji huduma za kibingwa wakipelekwa Mwanza. Ujenzi ulifufuliwa katika miaka ya karibuni, na hospitali hiyo yenye jina la Mwalimu Nyerere hatimaye ikaanza kutoa huduma. Kwangwa ni mfano wa wazi wa namna mradi unavyoweza kuwa kipaumbele katika kila mpango bila kuwa kipaumbele katika mwaka wowote wa malipo.

5.0 Msamaha wa madeni na kurudi kwa uandikishaji

Katika miaka ya 1980 na 1990 Mwalimu Nyerere, aliyekuwa pia Mwenyekiti wa Tume ya Kusini kuanzia 1987 hadi 1990, alihoji mara kwa mara uhalali wa nchi maskini kulipa madeni kwa gharama ya maisha ya watoto wake. Alifariki Oktoba 1999. Miezi michache baadaye, Aprili 2000, Tanzania ilikubaliwa kuingia katika mpango wa msamaha kwa nchi maskini zenye madeni makubwa, na Novemba 2001 ikatimiza masharti ya kupata msamaha kamili wa mpango huo.

Tofauti ya kipindi hiki na 1974 haikuwa katika ukubwa wa lengo. Ilikuwa katika utaratibu. Mkakati wa Kupunguza Umaskini wa Oktoba 2000 ulizitaja sekta za kipaumbele kwa majina: elimu ya msingi, afya ya msingi, maji, barabara za vijijini, utafiti na ugani wa kilimo, mahakama, na mapambano dhidi ya UKIMWI. Fedha ambazo zingelipa deni zilitakiwa zionekane katika mafungu hayo. Kwa maneno mengine, kwa mara ya kwanza kipaumbele kilifungwa na fedha yake kwa kamba moja.

Ada ya shule ya msingi ilifutwa 2001, na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ukaanza kutekelezwa 2002. Wanafunzi wa shule za msingi waliongezeka kutoka takriban milioni 4.4 mwaka 2000 hadi takriban milioni 7.5 mwaka 2005. Kila shule iliahidiwa ruzuku ya uendeshaji kwa hesabu ya dola 10 kwa mwanafunzi kwa mwaka, ambazo kwa thamani ya wakati huo zilikuwa karibu sawa na shilingi 10,000.

6.0 Majengo, uendeshaji na shilingi iliyopungua thamani

Historia ya ruzuku hiyo inafundisha mengi. Elimu bila malipo ilipotangazwa kuanzia Januari 2016, ikihusisha shule za msingi na sekondari hadi kidato cha nne, kiwango cha shule ya msingi kilikuwa bado shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Kati ya hizo, shilingi 6,000 zilipelekwa moja kwa moja katika akaunti ya shule, na 4,000 zilibaki kwa ununuzi wa vitabu. Wakati huo dola moja ilikuwa zaidi ya shilingi 2,000. Tarakimu haikubadilika, lakini thamani yake ilikuwa chini ya dola 5. Hakuna aliyetangaza kupunguza ruzuku kwa nusu. Iliachwa tu ipungue yenyewe.

Hesabu ndogo inasaidia kuona uzito wa jambo hili. Shule yenye wanafunzi 800 hupata kwa kiwango hicho shilingi 4,800,000 kwa mwaka, yaani 400,000 kwa mwezi. Katika kiasi hicho mwalimu mkuu anunue chaki na karatasi, aandae mitihani, akarabati madawati na vyoo, na agharamie shughuli za utawala na michezo. Uji wa mchana na mlinzi wa usiku haviwezi kuenea humo. Mzazi anapoitwa katika mkutano wa shule na kuombwa mchango, mara nyingi anaombwa kuziba pengo hilo, ingawa ameambiwa kuwa elimu haina malipo. Kwa mvuvi wa dagaa ambaye siku za mbalamwezi hana kipato cha kutegemea, mchango mdogo kwa macho ya ofisi unaweza kuwa sababu ya mtoto kubaki nyumbani.

Ujenzi, kwa upande mwingine, hupata fedha kwa urahisi zaidi. Mwaka 2021 Tanzania ilipata mkopo wa takriban shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa kwa ajili ya kukabiliana na athari za UVIKO-19, na sehemu yake ikajenga madarasa 15,000 nchini kote kwa muda mfupi. Madarasa hayo yalihitajika. Mkoa wa Mara pekee uliongezeka kutoka watu 1,743,830 katika sensa ya 2012 hadi 2,372,015 katika sensa ya 2022. Lakini darasa hujengwa mara moja, na mwalimu hulipwa kila mwezi. Darasa lina siku ya uzinduzi, mgeni rasmi na utepe, ilhali chaki haizinduliwi. Ndiyo maana, hata bila nia mbaya ya yeyote, mfumo huelemea upande wa majengo.

Matokeo katika umaskini wa kipato yanaendana na picha hiyo ya hatua zisizotimia. Kwa mujibu wa Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya, watu waliokuwa chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi Tanzania Bara walipungua kutoka asilimia 34.4 mwaka 2007 hadi 28.2 mwaka 2011/12, kisha 26.4 mwaka 2017/18. Kasi ya kupungua ilipoa, na kwa kuwa idadi ya watu iliongezeka, hesabu ya watu maskini haikushuka.

7.0 Kipimo hichohicho kwa mataifa tajiri

Haitakuwa haki kuitumia mizani hii kwa nchi maskini peke yake. Mwaka 1970 Umoja wa Mataifa ulikubaliana kuwa nchi tajiri zitoe asilimia 0.7 ya pato lao kusaidia maendeleo ya nchi maskini. Nchi chache, zikiwemo Sweden, Norway na Denmark, zilifikia kiwango hicho. Nyingi hazijawahi kukifikia hadi leo. Uingereza, iliyokuwa imekifikia, ilikishusha hadi asilimia 0.5 mwaka 2021 kwa sababu ya hali ya uchumi baada ya UVIKO-19. Januari 2025 Marekani ilisitisha sehemu kubwa ya misaada yake ya nje, na nchi zilizotegemea misaada hiyo kwa dawa na huduma za UKIMWI zikajikuta zikitafuta fedha nyingine katikati ya mwaka wa bajeti.

Kwa upande wao, viongozi wa Afrika waliahidi Abuja mwaka 2001 kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya, na Maputo mwaka 2003 kutenga asilimia 10 kwa kilimo. Nchi zilizotimiza ahadi hizo mwaka baada ya mwaka ni chache. Kuanzia Abuja hadi London, tabia ni ileile: ahadi hutolewa kwa asilimia, na upungufu unapokuja, wa kwanza kupunguziwa ni yule asiye na sauti mezani.

8.0 Hitimisho

Azimio la Musoma halikushindwa kwa sababu lilikuwa na lengo kubwa mno. Lilithibitisha kuwa nchi maskini, hata katika mwaka wa njaa, inaweza kuwaingiza watoto wake shuleni ikiamua. Lilikwama kwa sababu hakukuwa na utaratibu wa kulilinda siku ambayo vita, madeni na bei za dunia zingepigania shilingi ileile. Mafanikio ya 2001 yalitokana na kuwepo, angalau kwa muda, kwa utaratibu wa namna hiyo. Kudhoofika kwa ruzuku baada ya hapo kunaonesha kuwa utaratibu usiposhikiliwa, mfumuko wa bei hufanya kazi ambayo zamani ilifanywa na vita.

Kwa msingi huo, makala haya yanapendekeza mambo mawili ya kisera. Kwanza, ruzuku ya uendeshaji wa shule ihuishwe kila mwaka kulingana na mfumuko wa bei badala ya kubaki tarakimu moja kwa miaka mingi. Pili, kila mradi wa ujenzi unaopitishwa uambatane na makadirio ya gharama zake za uendeshaji kwa miaka mitano na chanzo cha fedha hizo.

Katika ngazi ya kata, kipimo kilichoelezwa hapa hakihitaji utaalamu wa uchumi. Diwani na wajumbe wa Kamati ya Maendeleo ya Kata ya Kigera, au ya kata nyingine yoyote, wanaweza kuuliza maswali matatu kila bajeti inapoletwa mbele yao. Kati ya fedha zilizoidhinishwa mwaka jana, ni kiasi gani kilifika? Kilichopunguzwa kilikuwa cha nani? Na jengo linalopendekezwa mwaka huu, nani atalipa mtu wa kufanya kazi ndani yake? Majibu ya maswali hayo ndiyo orodha halisi ya vipaumbele.